Kijana Aliyeshika Kiberiti: Filamu ya This Is England na Pengo Katika Fasihi ya Kiswahili

Fasihi ya Kiswahili nchini Kenya imejua kumlilia mtu aliyechomewa nyumba. Haijajua bado kumfuata kijana aliyeshika kiberiti, tangu siku alipokuwa mtoto mwema anayetumwa dukani na kurudi na chenji kamili, hadi usiku ule anapokiwasha. Dai la makala hii ni kwamba upungufu huo ni mkubwa kuliko wahakiki wanavyokubali, na kwamba filamu ya Mwingereza Shane Meadows, This Is England (2006), inasaidia kuuona.

Kisa chenyewe si kirefu. Ni mwaka 1983, katika mji mmoja mnyonge wa Uingereza. Shaun ana umri wa miaka 12. Baba yake aliuawa katika vita vya visiwa vya Falklands mwaka uliotangulia. Shuleni anachekwa kwa sababu ya suruali yake iliyopitwa na wakati. Akiwa njiani kurudi nyumbani, anakutana na kundi la vijana wanaonyoa vipara, wanaovaa mabuti na suruali zilizopandishwa kwa mikanda ya mabegani. Kiongozi wao, Woody, anamkaribisha. Shaun ananyolewa na kupewa shati, na kwa mara ya kwanza tangu kifo cha baba yake anakuwa mtu wa watu. Miongoni mwa rafiki zake wapya yumo Milky, kijana mwenye asili ya Jamaika, na muziki wanaoupenda wote ni ska, ambao nao ulitoka Jamaika.

Kisha anarudi Combo kutoka gerezani. Huyu anawahutubia vijana juu ya kazi zilizopotea na wageni waliozichukua, na anawataka wachague upande. Woody anaondoka. Shaun anabaki, kwa kuwa Combo ameligusa jeraha lake: amemwambia kwamba wageni wakiachwa, kifo cha baba yake kitakuwa cha bure. Hapa ndipo penye uzito wa filamu. Uchungu anaouchochea Combo ni wa kweli. Uingereza ya mwaka ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni tatu wasio na kazi, na yatima ni yatima. Kilicho cha uongo ni kidole kinachoonyesha adui. Aliyempeleka baba yake Shaun vitani hakuwa Milky, wala hakuwa Sandhu, muuza duka mwenye asili ya Kihindi ambaye kundi linamvamia na kumtukana, huku mtoto huyo akiwa mstari wa mbele.

Yupo mhakiki atakayeuliza: mambo haya ya vipara na mabuti yanamhusu nini mwanafunzi wa Kitui au Makueni? Swali hilo halina nguvu. Wasomaji wa Kiswahili walipokea Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969, wala hawakudai kwanza waonyeshwe Venisi iko wapi. Tena mifano ya nyumbani haihitaji kutafutwa mbali. Vijana wa Ukambani wa miaka ya 1970 na 1980 walicheza benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wakaihesabu kuwa yao kabisa, ilhali benga ilizaliwa kwa Waluo, kando ya Ziwa Victoria. Msafiri wa barabara ya Mombasa, awe wa kabila lolote, hupewa chakula bure katika hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926. Kujumuika na wengine kumekuwako siku zote, kama kulivyokuwako katika kundi la Woody.

Na Combo naye yupo. Mashariki na kusini mwa Kitui, katika sehemu kama Ukasi na Mutha, wakulima wa Kikamba na wafugaji wa ngamia, wengi wao Wasomali, wamezozana kwa miaka mingi juu ya malisho, maji na mipaka. Mashamba yameliwa na watu wameuawa. Mkulima aliyepoteza mtama wa msimu mzima ana haki ya kulia, na kumnyamazisha ni dhuluma ya pili. Lakini hatua moja tu humtoa mtu katika kusema “ngamia hawa wamekula shamba langu” na kumfikisha kwenye kusema “watu hawa si wa hapa.” Katika hatua hiyo ndipo anaposimama Combo wa kila nchi, akimngojea kijana. Kijana huyohuyo, akienda Nairobi kutafuta kazi, atakuta lafudhi yake ya Kikamba imegeuzwa kichekesho, na kila Mkamba amefanywa mchawi katika mizaha. Kama Shaun, amechekwa. Kama Shaun, anaweza kufundishwa kumcheka mwingine, na baadaye kumpiga.

Je, bunilizi za Kiswahili zimemfuata kijana huyu? Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei, iliyowahi kuwa kitabu teule katika shule za sekondari, ni riwaya yenye huruma pana. Msomaji hamsahau Ridhaa, anayesimama juu ya majivu ya nyumba yake na ya jamaa zake. Hata hivyo, Kedi, jirani anayehusika na unyama huo, anabaki kwa mbali. Vijana wanaoivamia nyumba ya Kaizari huonekana kama kundi. Huja kama mafuriko, nayo mafuriko hayana utoto. Filamu ya Judy Kibinge, Something Necessary (2013), ilisogea mbele zaidi: inamweka Joseph, kijana aliyeshiriki katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, sambamba na Anne aliyetendewa. Lakini inamwanza Joseph akiwa tayari anajuta. Namna alivyoingia haisimuliwi kwa mapana.

Litatolewa pingamizi jingine, zito kuliko la kwanza: kwamba kumfuata mtenda uovu kwa karibu ni kumtetea. Meadows amelijibu kwa tendo. Karibu na mwisho, Combo na Milky wameketi pamoja, na Milky anasimulia habari za familia yake kubwa, vyakula vyao na upendo wao. Combo anasikiliza, uso unambadilika, kisha anampiga Milky kipigo cha kutisha. Mtazamaji ameelewa kwamba Combo ameuonea wivu ukoo asioupata. Wala uelewa huo haupunguzi hata pigo moja. Shaun, aliyeyashuhudia hayo, anaitupa baharini bendera aliyopewa. Hatoi hotuba wala funzo.

Pengine hilo ndilo linalowaudhi wahakiki waliozoea kumaliza kila uchambuzi kwa orodha ya mafunzo. Hata Uingereza wapo waliotishika: bodi ya filamu iliwazuia watazamaji walio chini ya umri wa miaka 18, na baraza la mji wa Bristol likaamua kuwaruhusu wenye miaka 15. Bristol ilikuwa na haki. Mwenye miaka 15 ndiye anayetafutwa na Combo, na hapana maana ya kumwonya mtu akiwa amekwisha kuandikishwa.

Haifai basi idara za fasihi, ikiwa ni pamoja na za chuo kikuu kilichoko Kwa Vonza, ndani ya Kitui yenyewe, kuendelea kufundisha ukabila kama “dhamira” inayotajwa na kutolewa mfano mmoja kwa ajili ya mtihani. Kinachodaiwa ni riwaya, tamthilia au filamu ya Kiswahili itakayoanzia Mutha au Ukasi, kwa mtoto anayependwa na mama yake, mwenye shamba lililoliwa na rafiki mchunga ngamia, na itakayokuwa na ujasiri wa kuandamana naye hadi mahali ambapo lazima achague. Mpaka hapo kazi hiyo itakapoandikwa, Ridhaa ataendelea kuliliwa kwa ufasaha mkubwa, na mchomaji atakayefuata atakuwa amesoma kitabu hicho shuleni na kukifaulu.