Fresha wetu hapokei simu: tusikimbilie kusema ana kiburi

Kijana anatoka Kwale, Lamu au Tana River, anaitwa chuo kikuu Eldoret, Njoro au Maseno. Jamaa wamechanga nauli, godoro na sweta. Wiki ya kwanza picha zinamiminika kwenye group ya familia, kila mtu mashallah. Wiki ya sita simu haishikwi. Nyumbani wanasema chuo kimempa kiburi. Mara nyingi kijana ameishiwa, na anaona haya kusema.

Kwa wengi wao msongo wa mawazo huanzia mfukoni. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze mwaka 2023, familia hupangwa katika makundi kulingana na uwezo, na kundi ndilo linaloamua mkopo, msaada na kile mzazi atakachotoa. Wapo waliotoka nyumba zisizo na kipato cha uhakika wakajikuta wamehesabiwa kuwa wenye uwezo. Hata aliyepangwa sawa, pesa ya HELB ya matumizi huchelewa, lakini kodi ya bedsitter haimsubiri mtu. Hapo ndipo Fuliza inaingia, kisha betting, kisha usingizi unapotea. CAT ikifika kijana hana hata nguvu ya kufungua daftari. Halafu tunamwambia ajikaze!

Wazazi, kila mara mnapouliza "utamaliza lini utusaidie?" mnamwongezea mzigo. Na akija likizo amenyamaza, hali, hatoki chumbani, msiharakishe kusema ni husda au jini. Mkalisheni mzungumze, na mpelekeni hospitali pia.

Nanyi wanafunzi, kuna mambo ambayo orientation huyapitia mbio mbio. Ukiwekwa kundi lisilokufaa, una njia ya kukata rufaa kupitia tovuti ileile ya ufadhili, ukiwa na stakabadhi za hali halisi ya nyumbani. Usingoje hadi mitihani ikaribie. Ukiona muhula umekushinda kwa ugonjwa au karo, omba kuahirisha masomo kwa barua na upate jibu la maandishi. Anayepotea kimya kimya anaweza kupoteza nafasi yake. Aliyeahirisha rasmi ana mahali pa kurudi. Na kama kozi si uliyoitaka, KUCCPS hufungua dirisha la uhamisho, fuatilia tarehe zake. Ofisi inayosimamia masuala ya wanafunzi ina mshauri nasaha. Kumwona si wazimu.

Mengine ni ya kila siku, na madogo kuliko yanavyoonekana. Pikeni pamoja watu 3 au 4, sufuria moja ya maharagwe ni nafuu kuliko kibandani na hamli peke yenu. Mtafute wa mwaka wa pili anayesoma kozi yako, akueleze mitihani ikoje. Lala. Kukesha na simu mpaka saa tisa usiku hakujamfaulisha mtu.

Liko jambo zito zaidi, na hatutalizunguka. Wengine hufika mahali pa kufikiria kujitoa uhai, na wakaogopa kusema kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyefika hapo ni mgonjwa anayestahili matibabu, na chuo kinachomtishia kwa polisi badala ya kumfikisha hospitali kinamkosea. Ukiwa na mawazo hayo, au ukimwona mwenzako chumbani anayo, usimwache peke yake. Pigeni 1199, laini ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

Mzazi, piga simu leo jioni. Matokeo yaache kwanza. Muulize amekula nini.