Sayari Tulizozikariri Bila Kuziona

Nikiri jambo. Darasa la sita nilitaja sayari zote kwa mpangilio, kuanzia Utaridi hadi Pluto (vitabu vyetu vilikuwa bado na tisa, ingawa Pluto ilishaondolewa kwenye orodha mwaka 2006). Nilipata vema zote. Lakini ile nyota kubwa niliyokuwa naiona alfajiri nikikimbia kuwahi namba shuleni, hakuna aliyeniambia kuwa ndiyo Zuhura yenyewe.

Zohali nimekuja kuiona nikiwa na miaka thelathini, hapa Sydney, kwa darubini ndogo niliyoinunua mtumba. Lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 70 tu. Nilipoona kile kiduara chenye pete, nilimwita ninayekaa naye. Akachungulia, akanyamaza, kisha akasema: "Umebandika picha humo ndani wewe?"

Ndiyo maana sipendi nikisikia ati hayo ni mambo ya wazungu. Kwani Mshtarii, Mirihi na Zohali ni majina ya kizungu? Na Kilimia, lile kundi la nyota, si limeitwa hivyo kwa sababu ya kulima? Wazee wetu walitazama juu wajue lini washike jembe. Sisi wenye digrii ndio tumeacha.

Wengine husema mjini taa zimezidi. Ni kweli kwa nyota hafifu, lakini sayari zinang'aa, taa hazizizimi. Sydney Observatory ilijengwa mwaka 1858 karibu kabisa na katikati ya jiji, na hata baada ya kugeuzwa makumbusho mwaka 1982 watu waliendelea kuonyeshwa sayari pale pale.

Bei nayo isikutishe, ila usidanganywe na boksi lililoandikwa "hukuza mara 525". Hesabu ni rahisi: kila milimita ya upana wa lenzi inakupa ukuzaji wa mara mbili hivi, basi. Yangu ikipita 140 ni ukungu mtupu. Mara 28 inatosha kuona miezi minne ya Mshtarii, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mara 70, pete za Zohali hizo hapo. Muhimu zaidi ni stendi isiyotikisika. Na jua usilielekezee darubini hata siku moja, utapofuka.

Sasa hoja yangu. Sayari hupita angani karibu na njia ile ile ya jua. Kwa hiyo Nairobi, Kampala na Dar, zilizo karibu na ikweta, huziona zikipanda juu sana, ambako mwanga hupenya hewa kidogo na picha hutulia. London hawana bahati hiyo kila mwaka. Jamani, uwanja mzuri uko kwetu, tunachokosa ni mpira!

Napendekeza chama chetu kinunue darubini moja ya kuazimana, kama tunavyoazimana masufuria ya sherehe. Na tukirudi nyumbani, kwenye zile kilo za begi tunazojaza simu na viatu, mmoja wetu abebe darubini akaiache shule aliyosoma. Mtoto aonyeshwe Zuhura kwanza, ndipo aambiwe akariri.

Yangu iko barazani kila Ijumaa isiyo na mawingu. Karibuni, chai ipo.