Wasimulizi wa maajabu wapewe chumba Kavimvira

Ziwa linaamka usiku wa manane, linapiga hodi na kuomba mahali pa kulala. Mgeni akisikia hadithi kama hiyo ikisimuliwa mbele ya watu ishirini walioketi kwenye viti vya plastiki, atasema msimulizi amelewa. Mkaaji wa Kavimvira hawezi kusema hivyo. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia majumbani, tena bila hodi. Kabla ya hapo, Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira na kuua watu wengi.

Wazee kadhaa wanaona slam na masimulizi ya namna hii kuwa mchezo wa wazungu. Ni kweli slam ilianzia Chicago, Marekani, miaka ya 1980, kwa Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi. Lakini maajabu yenyewe yalikuwa kwetu zamani. Mwaka 1956, kwa Wanyanga wa Kivu, She-Karisi Rureke alisimulia na kuimba habari za Mwindo kwa siku 12, watafiti wakiandika. Mwindo anazaliwa kupitia kidole cha mama yake, akiwa tayari anasema na kutembea. Baba yake hamtaki: anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni, na mtoto anaendelea kuimba humo humo. Nani atatuambia kwamba hilo tumeliiga?

Huko Goma, vijana wa Goma Slam Session wameonyesha kwamba neno tupu linaweza kukusanya watu. Kavimvira kinachokosekana ni chumba. Kwenye baa muziki unafunika sauti. Na msimulizi akitaja mamba, kuna kiongozi atakayeuliza mamba huyo ni nani.

Swali hilo ndilo linalofunga midomo. Tangu M23 ilipoingia Uvira Desemba 2025, na mpaka wa kwenda Gatumba kufungwa, watu wanapima kila neno. Hofu isiyoweza kusemwa waziwazi hupata njia katika hadithi ya ziwa linalotembea. Katiba, kifungu cha 46, inalinda uhuru wa kubuni na wa sanaa. Hata hivyo, Novemba 2021 tume ya udhibiti kule Kinshasa ilizuia wimbo wa kundi la MPR, kisha ikaurudisha baada ya watu kupiga kelele. Kavimvira nani atapiga kelele kwa ajili ya kijana mmoja asiye hata na mikrofoni?

Wasanii nao wasijidanganye: kuchanganya maneno hovyo si maajabu, na anayekariri slam za Paris hajasimulia kitu.

Shule na parokia zina madarasa yanayobaki matupu Jumamosi. Wakuu wake watoe moja, na shefu wa mtaa apewe taarifa tu, asiombwe kusahihisha hadithi. Saa nane hadi saa kumi na moja inatosha, maana usiku si salama, na msikilizaji anapaswa kurudi nyumbani angali anaona njia.