Msidanganyike na bweni

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wazazi wengi wa nchi hii wana jibu moja lililokaa tayari mdomoni. Mwulize mama kama amekaa na binti yake wakaongea habari za chuo. "Huyu? Huyu kasoma bweni tangu fomu wani, ameshakomaa." Baba ndiyo kabisa, hata swali lenyewe analishangaa. Mtoto aliyelala mbali na nyumbani miaka sita, akala maharage yenye wadudu na kuoga maji ya baridi saa kumi na moja alfajiri, chuo chenye kantini kitamshinda nini?

Kitamshinda, na bweni analosifiwa nalo ni sehemu ya sababu.

Itazame siku ya mwanafunzi wa bweni. Kengele inamwamsha, inampeleka mstarini, darasani, bwaloni, prepo, kitandani. Akichelewa, kuna fimbo au nyasi za kufyeka. Chakula hapangi wala hanunui, na bei ya gunia la mahindi haijui. Hela yake ya matumizi ameishika patroni au matroni, anamgawia elfu mbili mbili. Simu hairuhusiwi. Getini hatoki bila karatasi ya ruhusa. Shule nyingine hata likizo zimeigeuza kuwa kambi ya masomo, ili asije akapata wiki mbili za kukaa nyumbani na kujipangia mambo yake. Kijana huyu anafika miaka kumi na tisa hajawahi kuamua jambo zito kuliko aanze kupiga pasi shati au suruali.

Hiyo ni nidhamu, sikatai, na ufaulu unaonekana kwenye matokeo. Ila mwenye nidhamu hiyo ni mwalimu wa zamu, na mwalimu wa zamu haendi chuo.

Mtihani ukiisha mwezi Mei, baadhi yao wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013. Wazazi wanafurahi: "Kule watamnyoosha." Wananyooshwa kweli, lakini kwa filimbi na amri za afande. Wanaobaki nyumbani wanalala hadi saa nne huku mama akiwapashia chai. Kisha wiki ya mwisho familia nzima inahamia Kariakoo: sanduku jipya, godoro, ndoo mbili, shuka, jagi la umeme ambalo hosteli nyingi hazilitaki. Vitu vimekamilika, mtoto ameandaliwa.

Oktoba au Novemba anafika Mlimani, au Dodoma, au Mzumbe. Ukumbi wa mihadhara una watu mamia, na mhadhiri hajui jina lake wala hana haja ya kulijua. Asipoingia kipindi, hakuna anayeuliza. Asipoingia mwezi mzima, bado hakuna anayeuliza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kawaida, alama 40 zinatokana na kazi na majaribio ya katikati ya muhula, na 60 zinatokana na mtihani wa mwisho. Kijana aliyezoea kusukumwa anagundua majaribio yamepita wakati bado anasubiri mtu wa kumsukuma. Ndipo anajifunza msamiati mpya: sapu, yaani mtihani wa marudio; kukeri, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata; na, Mungu apishe mbali, disko, yaani kuondolewa chuoni. Nasikia wapo wazazi wanaompigia simu mwanachuo wa mwaka wa pili kila alfajiri aamke awahi kipindi. Wanaona ni upendo. Kwangu mimi hiyo ni kengele iliyohamia kwenye simu.

Halafu kuna bumu. Fedha ya chakula na malazi kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Haitolewi kila asubuhi, inakuja kwa mafungu. Fungu la siku sitini ni shilingi 600,000, linaingia siku moja kwenye akaunti ya mtu ambaye mwaka jana alikuwa anaomba elfu mbili kwa matroni. Mnategemea afanye nini? Anabadilisha simu. Ananunua raba. Anawatoa rafiki zake, kwa sababu wao waliwahi kumtoa. Kama hakupata hosteli na anapanga gheto Changanyikeni au Msewe, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Siku ya ishirini na tano anaamka na chapati moja na chai ya rangi, na mkeka wa kubeti anaouita "wa uhakika".

Mkeka ukichanika anageukia programu za mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Nyingi za aina hii zinaingia kwenye orodha ya majina ya simu yako. Ukichelewa kulipa, shangazi yako wa Singida na mwalimu wako wa kwaya wanapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli na wao ni wadhamini wako. Wazazi hujua habari za bumu siku hiyo, na hujua kwa shangazi.

Bumu lenyewe ni deni, jambo ambalo wengi wa mwaka wa kwanza hawaambiwi na mtu. Wanasema "serikali imetuwekea". Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe, zikiwemo zile raba.

Maombi ya mkopo ndiyo yangekuwa somo lake la kwanza la utu uzima. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, fomu yenye muhuri wa serikali ya mtaa, taarifa za mdhamini na ada ya shilingi 30,000. Ni kazi ya kuzungukia ofisi kadhaa, kupanga foleni, kurudishwa kwa sababu jina la kati limekosewa herufi. Nani anazunguka? Baba. Anaomba ruhusa kazini na bahasha ya kaki mkononi. Kisha wanakwenda wote steshenari. Kijana wa steshenari anajaza kila kitu, anatengeneza baruapepe mwenyewe, anaweka namba yake ya simu "ili isisumbue", na nywila anaiandika nyuma ya risiti. Mwombaji amekaa kwenye benchi anachati. Kwenye udahili wanafanya vilevile. Miezi miwili baadaye mtoto amechaguliwa vyuo viwili na anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu iliyotumwa kwenye simu au baruapepe aliyojisajilia. Namba imeshafika salama kwa kijana wa steshenari, ambaye kwa sasa amehamia Mbagala.

Nimeacha kwa makusudi jambo zito kuliko hela. Bweni linafundisha kwamba mwalimu hakataliwi. Akisema kamfagilie nyumbani kwake, unakwenda. Akikuita ofisini baada ya prepo, unakwenda, mikono nyuma. Binti aliyelelewa hivyo miaka sita ndiye tunayemkabidhi kwa mhadhiri anayeshika alama zake. Mwaka 2020 TAKUKURU walitoa utafiti kuhusu rushwa ya ngono katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa hiyo hizi si porojo za vijiweni. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaihesabu kuwa kosa la jinai. Nyumba ngapi zimemsomea binti kifungu hicho kabla ya kumfungia sanduku? Tunamwambia "kawaheshimu walimu wako", basi. Hatumwambii kwamba anaweza kusema "hapana, dokta, tuongelee hapahapa koridoni", kwamba aende na mwenzake, autunze ujumbe wa simu badala ya kuufuta kwa aibu, na akitishiwa alama aripoti kwa mshauri wa wanafunzi au TAKUKURU. Na hata tukimwambia, maneno peke yake hayatoshi. Mtoto ambaye hajawahi kumkatalia baba yake jambo hata dogo, nguvu ya kumkatalia daktari wa falsafa ataitoa wapi?

Wavulana nao wasiachwe. Asiyeweza kumkatalia mwalimu hawezi kuwakatalia wenzake wanne wa chumbani.

Cha ajabu, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alipitia bweni la Tabora, aliandika Elimu ya Kujitegemea akitaka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya mashamba hayo, siyo kulima tu. Sisi tukalibakiza jembe, uamuzi tukautupa. Siku hizi jembe lenyewe ni adhabu ya waliochelewa mstarini.

Najua kuna baba atakayenijibu kwamba yeye alisoma bweni, akaenda Mlimani, akamaliza bila kufundishwa na mtu. Ni kweli, mzee wangu. Lakini kabla ya uchangiaji wa gharama kuingia miaka ya 1990, chuo ulichokikuta wewe kilikuwa karibu na bweni lingine: chumba umepangiwa, chakula kinakungoja kafeteria, serikali imelipa. Hukuwa na programu 69 mfukoni. Na wale wenzako waliorudishwa nyumbani mwaka wa kwanza hawapo kwenye vikao vya wahitimu kusimulia yao.

Nikiambiwa nichague, naona aliyekomaa zaidi ni yule wa shule ya kata anayedharauliwa. Amegombania daladala tangu darasa la tano, amemsaidia mama yake genge, anajua nyanya zikipanda bei mboga inapikwaje. Anaweza akawa na alama za chini, na labda umombo unampiga chenga, lakini laki sita haimtii kizunguzungu.

Sisemi watoto watolewe bweni. Shule nyingi za serikali za kidato cha tano na sita ni za bweni, na hakuna atakayezibomoa kwa sababu ya makala hii. Nasema mzazi aache kulihesabu bweni kama maandalizi, aifanye mwenyewe kazi iliyobaki. Kuanzia Mei hadi Oktoba kuna miezi mitano, na hata aliyekwenda JKT ana wiki kadhaa za kukaa nyumbani. Bahasha ya kaki ishikwe na mtoto. Laini ya simu aisajili kwa kitambulisho chake mwenyewe, baruapepe aifungue yeye, nywila aijue yeye. Apande basi peke yake kwenda kumsalimia bibi, akipitiliza kituo ajue namna ya kurudi. Akipinga jambo nyumbani asizimwe kwa "unanijibu?", asikilizwe, na siku nyingine hoja yake ishinde.

Na apewe bajeti ya nyumba. Hela yote ya mwezi: unga, mchele, mkaa au gesi, umeme wa LUKU, nauli za wadogo zake. Atanunua nyama wiki ya kwanza kila siku, hilo lijulikane mapema. Kazi ngumu ni ya mzazi: asimwokoe.

Hapa ndipo mama wengi wananigomea. "Akiimaliza tarehe kumi na nane, tutakula nini?" Mtakula alichobakiza, mchicha na ugali mpaka mwisho wa mwezi, na tarehe mosi mtamkabidhi tena hela ileile, apige hesabu upya.