Kupunguza ufadhili katika futiboli ya vyuo Marekani: Mchuma janga yuko wapi?

UCHAMBUZI
Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Katika futiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani methali hiyo imepinda kidogo. Mara nyingi mchuma janga huwa amekwisha kuondoka, na wanaobaki kula ni wa kwao peke yao.

Hilo hujidhihirisha mtu anapoitazama kwa makini adhabu ya kupunguziwa nafasi za ufadhili wa masomo, ambayo kwa miongo mingi Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo cha nchi hiyo (NCAA) kimeitumia dhidi ya vyuo vinavyokiuka kanuni zake. Kwa mtazamo wa haraka ni adhabu ndogo. Hakuna anayefungwa, hakuna uwanja unaofungwa, na timu huendelea kucheza kila Jumamosi mbele ya maelfu ya mashabiki. Hata hivyo, makocha wengi wameiogopa kuliko faini.

Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza kuelewa ufadhili wenyewe. Futiboli ya Marekani, mchezo unaokaribiana na raga kuliko soka, huchezwa na watu 11 kila upande, lakini timu huwa na kikosi kimoja cha kushambulia na kingine cha kuzuia. Kijana mwenye kipaji hulipiwa karo, chakula na malazi ili aichezee timu ya chuo huku akisoma. Mtanzania Hasheem Thabeet alipita mlango wa namna hiyo katika mpira wa kikapu, akikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009. Kwa familia nyingi zisizo na uwezo, nafasi hiyo ndiyo tofauti kati ya kupata shahada na kuikosa.

Kwa takriban miaka 30, chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 wa futiboli wenye ufadhili kamili, na katika sehemu kubwa ya kipindi hicho hakikuweza kusajili wapya zaidi ya 25 kwa mwaka. Hesabu hizo mbili ndizo zilizoshikiliwa na NCAA kila ilipotaka kuadhibu.

Hesabu ya USC

Mfano unaoeleza mengi ni wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC) cha Los Angeles. Juni 10, 2010, NCAA ilikitia hatiani baada ya kubaini kuwa mchezaji wake nyota, Reggie Bush, pamoja na familia yake, walinufaika na fedha na misaada kutoka kwa watu waliotaka kuwa mawakala wake. Timu ilizuiwa kucheza mechi za baada ya msimu kwa miaka miwili, ikafutiwa ushindi wa michezo kadhaa, na ikanyang'anywa nafasi 30 za ufadhili, yaani 10 kwa kila mwaka kwa miaka mitatu.

Chuo kilikata rufaa. Rufaa hiyo ilitupwa Mei 2011, na makato ya ufadhili yakaangukia misimu ya 2012, 2013 na 2014. Katika kipindi hicho USC haikuruhusiwa kuwa na wachezaji wa ufadhili zaidi ya 75, wala kusajili zaidi ya 15 kwa mwaka.

Wengi waliangalia ile namba 75 wakasema pengo la watu 10 kati ya 85 linavumilika. Walichokisahau ni ile 15. Kila mwaka wachezaji huondoka: wengine humaliza masomo, wengine huitwa mapema na ligi ya kulipwa ya NFL, wengine huumia wasirudi tena uwanjani, na wengine huhamia vyuo vingine. Timu inayopoteza watu 20 na kuruhusiwa kuingiza 15 hupungua kwa 5 mwaka wa kwanza, na hali ikiendelea hivyo, hupungua kwa 5 wengine mwaka unaofuata. Katika misimu mitatu, chuo kinachosajili 25 kila mwaka huwa kimepokea vijana 75. Kinachosajili 15 huwa kimepokea 45. Kwa sababu hiyo ukomo wa 75 ulikuwa dari ambalo timu haikuweza kulifikia kirahisi.

Matokeo yalianza kuonekana mazoezini. Mchezo huu ni wa kugongana, na timu hujinoa kwa wachezaji wa kwanza kupambana na wa akiba. Akiba ikiwa nyembamba, kocha huogopa kuwaumiza wachache alio nao. Kocha wa wakati huo, Lane Kiffin, alipunguza mazoezi ya kuangushana, lakini timu isiyozoea kuangusha wapinzani mazoezini hushindwa kuwaangusha siku ya mchezo.

Mwaka 2012 USC ilianza msimu ikiwa ya kwanza katika orodha ya shirika la habari la AP. Ilimaliza kwa kushinda michezo 7 na kupoteza 6, ikiwa nje ya 25 bora. Septemba 2013 ilifungwa na Arizona State kwa pointi 62 kwa 41, na Kiffin akafukuzwa kazi muda mfupi baada ya mchezo huo. Si haki kuyabebesha makato ya ufadhili lawama yote, kwani maamuzi ya benchi nayo yalikosolewa. Lakini timu iliyotoka katika misimu saba mfululizo ya ushindi wa michezo 11 au zaidi, kuanzia 2002 hadi 2008, ilikuwa imegeuka timu ya kuhesabu majeruhi.

Na mchuma janga alikuwa wapi? Bush alikwishaondoka tangu 2006, na Februari 2010, miezi minne kabla ya hukumu, alikuwa ametwaa ubingwa wa NFL na New Orleans Saints. Kocha wake, Pete Carroll, ambaye hakutajwa binafsi kuwa mkosaji katika hukumu, aliondoka Januari 2010 kwenda Seattle Seahawks, na Februari 2014 naye akatwaa ubingwa huo. Walioingia uwanjani wakiwa pungufu mwaka 2013 walikuwa vijana ambao wengi wao walikuwa shule ya msingi wakati makosa yakitendeka.

Penn State na swali zito zaidi

Kesi ya Penn State ilikuwa ya uzito mwingine kabisa. Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi, alitiwa hatiani Juni 2012 kwa makosa 45 ya kuwadhalilisha watoto wa kiume. Mwezi uliofuata NCAA ilikitoza chuo faini ya dola milioni 60, ikakizuia kucheza mechi za baada ya msimu kwa miaka minne, na kukipunguzia usajili hadi wachezaji 15 kwa mwaka na jumla ya 65.

Hakuna mtu mwenye utu aliyeona uhalifu ule kuwa mdogo. Swali lilikuwa iwapo kijana wa miaka 18 asiyepata ufadhili mwaka 2013 anailipia vipi dhambi ya mtu mzima aliyekwisha kufungwa, na waathirika wananufaika nini na nafasi hiyo kuachwa wazi. Faini ilielekezwa katika juhudi za kuwalinda watoto, na mantiki yake inaeleweka. Nafasi ya ufadhili iliyofutwa haikumwendea yeyote.

NCAA iliwaruhusu wachezaji wote wa Penn State kuhama mara moja bila kikwazo. Mkimbiaji Silas Redd alihamia USC, akitoka katika chuo kimoja kilichoadhibiwa na kuingia katika kingine. Wengi walibaki, na timu ikashinda michezo 8 kati ya 12 mwaka 2012. Ndipo ukweli wa pili ulipojitokeza: makali ya makato huchelewa. Mchezaji wa safu ya mbele, anayemkinga mpiga pasi, huhitaji miaka miwili au mitatu kujenga mwili na ujuzi. Aliyekosekana katika usajili wa 2012 pengo lake huonekana 2014. Na kweli, mwaka 2014 safu hiyo ya Penn State ilikuwa nyembamba mno, na kijana Christian Hackenberg akaangushwa chini mchezo baada ya mchezo.

Hata hivyo NCAA ililegeza kamba. Septemba 2013 ilianza kurejesha nafasi hatua kwa hatua, na Septemba 2014 ikaondoa zuio la mechi za baada ya msimu na kuruhusu ufadhili kamili kuanzia 2015. Mwaka 2016 Penn State ilitwaa ubingwa wa ukanda wa Big Ten. USC nayo iliomba ahueni mwaka 2013 ikakataliwa. Tofauti hiyo ya utendaji iliwaacha wengi wakijiuliza kipimo cha adhabu hupatikana wapi.

Kivuli cha SMU

Wakuu wa NCAA walikuwa na sababu ya kuwa waangalifu, nayo ni Chuo Kikuu cha Southern Methodist (SMU) cha Dallas. Februari 1987, baada ya kubainika kuwa wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri na matajiri wanaokipenda chuo, NCAA ilifuta msimu mzima wa timu hiyo na kuipokonya nafasi 55 za ufadhili katika miaka minne. Siku chache baadaye Gavana wa Texas, Bill Clements, ambaye aliwahi kuongoza bodi ya chuo hicho, alikiri kuwa viongozi walikubaliana malipo yaendelee.

SMU ilirejea uwanjani mwaka 1989 ikiwa na vijana wasio na uzoefu. Oktoba mwaka huo Houston iliifunga pointi 95 kwa 21. Kutoka 1989 hadi 2008 ilipata msimu mmoja tu ambao ushindi ulizidi vipigo. Ilisubiri hadi Desemba 2009 kucheza tena mechi ya baada ya msimu, robo karne tangu ile ya 1984. Kilichokusudiwa kuwa adhabu ya miaka michache kiligharimu kizazi kizima.

Kutoka nafasi hadi fedha

Miaka ya karibuni upepo umegeuka. Julai 2023 Chuo Kikuu cha Tennessee kilikutwa na makosa zaidi ya 200 ya usajili. Kilipunguziwa nafasi 28, lakini zilitawanywa katika miaka mitano ya uangalizi, na kikatozwa faini iliyozidi dola milioni 8. Hakikuzuiwa kucheza mechi za baada ya msimu, na katika msimu wa 2024 kilifuzu kuwania ubingwa wa taifa.

Kisha Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Ukomo wa nafasi 85 za ufadhili ulifutwa kwa vyuo vilivyoingia katika mpango huo, badala yake ukawekwa ukomo wa wachezaji 105 kikosini. Miezi miwili baadaye Chuo Kikuu cha Michigan, kilichokutwa na hatia ya kuiba ishara za wapinzani, kilitozwa faini. Sehemu ya faini hiyo ililinganishwa na gharama ya asilimia 10 ya ufadhili wa futiboli. Nafasi yenyewe ya kijana haikuguswa. Thamani yake ndiyo iliyodaiwa.

Wapo wasioridhika. Wanasema chuo chenye uwanja wa watu zaidi ya 100,000 hulipa faini kama mtu anunuavyo tiketi, na kwamba makato ya ufadhili yalikuwa fimbo pekee iliyouma. Hoja hiyo ina uzito. Faini isiyouma ni leseni ya kutenda kosa.

Lakini kuuma si kipimo pekee cha haki. Yapasa kuuliza anayeumwa ni nani. Nafasi 30 zilizofungwa USC hazikuwazuia vijana 30 mahodari kupata vyuo. Hao walipokelewa kwingineko, nao wakawasogeza waliokuwa chini yao, na hao wakawasogeza wengine. Mwisho wa mstari huo, katika chuo kidogo ambacho hakikuvunja kanuni yoyote, yuko kijana aliyeambiwa nafasi zimejaa. Jina lake halimo katika hukumu yoyote, wala hakuna rufaa aliyoweza kukata. Ndiye aliyelilipa deni.

Desemba 2024 SMU ilisafiri hadi uwanja wa Penn State kwa mchezo wa mtoano wa kuwania ubingwa, ikafungwa pointi 38 kwa 10. Vyuo viwili vilivyowahi kuonja makato makali vilikuwa vimesimama tena. Taasisi kubwa hujeruhiwa, lakini ina muda wa kupona. Mchezaji wa chuo ana miaka minne au mitano tu, na ikipita hairudi. Chama kinachotaka kulinda heshima ya mchezo hakina budi kumfuata mchuma janga huko alikohamia, na kumwacha mwanafunzi darasani.