Mchekeshaji Anaomba Ruhusa, Wewe Je?

Mpendwa, unamhukumu ndugu yetu aliyeko Marekani kwa kununua tiketi akamtazame "Weird Al" Yankovic jukwaani, akigeuza nyimbo za watu kuwa vichekesho. Eti ni mambo ya dunia. Sawa. Lakini mchekeshaji huyo huomba ruhusa kwanza. Michael Jackson alikubali, ikatoka "Eat It" mwaka 1984. Prince alikataa, naye akaacha.

Sasa wewe, kiongozi wa sifa: juzi ulichukua rumba ya mtu, ukatoa jina la mpenzi ukaweka la Yesu, ukatuambia umepewa na Roho kwenye kesha. (Na mimi nilicheza, Mungu anisamehe.) Ulimwomba nani? Amri ya nane haikuiruka madhabahu. Mtafute mwenye wimbo wiki hii, kabla hujashika maiki Jumapili.