Zilipendwa Zina Wenyewe
Vipindi vya zilipendwa kwenye televisheni zetu huamsha hisia, lakini mara nyingi hutunyima historia, na hilo linaniuma. Hupigwa wimbo wa NUTA Jazz, mtangazaji husifu ujumbe wa muziki wa zamani, kisha unafuata mwingine. Mtazamaji haambiwi kwamba bendi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, kwamba wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa mshahara, wala kwamba ndiyo ileile iliyopitia majina ya JUWATA na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Bila hayo hawezi kuelewa jinsi bendi kubwa namna ile, na safu yake ya tarumbeta na saksafoni, ilivyodumu pasipo kutegemea mauzo ya santuri. Watayarishaji watasema picha hazipo, na ni kweli: Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, miaka 15 baada ya mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe kufariki. Lakini sauti zipo, maana Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi za enzi hizo kwa miaka mingi, na wapigaji wachache waliosalia wanaweza kueleza nani alitunga na nani alishika gita la solo. Wengine watadai kwamba mtazamaji anataka burudani, si darasa. Jina la mpiga besi likiandikwa chini ya kioo halimzuii mtu kucheza; linampa marehemu haki yake, na warithi wake wanapata pa kuanzia wanapodai mirabaha.